Darubini ileile, kliki mbili tofauti: tathmini ya Vortex Viper PST Gen II 5-25x50

Anayenunua Viper PST Gen II 5-25x50, darubini ya bunduki ya Vortex, huulizwa dukani swali moja ambalo wengi hulijibu kwa kubahatisha: unataka ya MOA (dakika za pembe) au ya MRAD (miliradiani)? Lenzi ni zilezile, bomba ni lilelile la milimita 30, uzito ni uleule wa aunsi 31.2, sawa na gramu 885 hivi, na bei ni ileile inayozunguka dola 1,000 katika maduka ya Marekani. Tofauti yote imekaa kwenye vizungushio na kwenye mistari iliyochorwa juu ya kioo. Ni tofauti ndogo kwa macho, lakini ndiyo inayoamua kama darubini itakutumikia au itakulazimisha kupiga hesabu za kichwani huku shabaha ikikungoja.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kama unafikiri kwa mita na sentimita, na hivyo ndivyo tulivyofundishwa shuleni kuanzia Tanga hadi Bukavu, chukua ya MRAD. Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu darubini za bunduki umeandikwa na Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani, watu wa yadi na inchi. Kwao ni ushauri mzuri. Ukiubeba kama ulivyo hadi kwenye uwanja uliopimwa kwa mita, utajikuta unakosa na hujui kwa nini.

Kliki ni pembe

Ndani ya bomba kuu la darubini kuna bomba dogo linalobeba lenzi na mchoro wa kulengea, yaani retiko. Kizungushio cha juu kimeunganishwa na skrubu inayolisukuma bomba hilo dogo, na upande wa pili kuna springi inayolirudisha. Chini ya kofia ya kizungushio kuna meno, na kijiti au gololi hudondokea kati ya jino na jino. Mdondoko huo ndio kliki unayoisikia na kuihisi kidoleni. Kila jino likipita, bomba dogo limegeuka kiasi kilekile, na pembe kati ya mstari wa jicho lako na mtutu wa bunduki imebadilika kiasi kilekile.

Wengi hukwama hapa. Kliki haina sentimita zake maalumu. Washa tochi karibu na ukuta, doa la mwanga ni dogo. Rudi nyuma hatua kumi, doa limepanuka, na tochi haijabadilika hata kidogo. Kliki nayo iko hivyo: kinachobaki palepale ni pembe, na umbali ndio unaoikuza kuwa milimita au sentimita. Kwa hiyo mtu akikuambia “kliki ya darubini yangu ni milimita saba”, swali la kwanza ni: kwa umbali gani?

Kwenye darubini ya MOA, kila nyuzi moja (digrii) ya pembe imegawanywa katika dakika 60, na kliki ni robo ya dakika moja. Dakika moja kwa yadi 100 ni inchi 1.047, ndiyo maana Mmarekani husema “inchi moja kwa yadi mia” akaendelea na kazi yake. Kwa mita 100, dakika hiyohiyo ni sentimita 2.91, na robo yake ni milimita 7.27. Tuseme risasi zako zimetua sentimita 7 chini na sentimita 4 kushoto ya kitovu. Utagawa 70 kwa 7.27, upate 9.6, uzungushe kliki 10 kwenda juu. Kisha utagawa 40 kwa 7.27, upate 5.5, na hapo ujiamulie mwenyewe kama ni 5 au 6 kwenda kulia.

Kwenye darubini ya MRAD, kliki ni sehemu moja ya kumi ya miliradiani, au mili kama wengi wanavyoiita. Mili ni moja kwa elfu: mita 1 kwa umbali wa mita 1,000, sentimita 10 kwa mita 100. Kliki moja kwa mita 100 ni sentimita 1. Kundi lilelile la risasi, sentimita 7 chini na 4 kushoto, linahitaji kliki 7 juu na 4 kulia. Umemaliza. Kwa mita 50 kila kliki ni nusu sentimita, kwa 200 ni sentimita 2, kwa 300 ni sentimita 3. Mtoto wa darasa la nne anaweza kukukagulia.

Tuwe waadilifu: mili yenyewe si mali ya mfumo wa mita. Ni uwiano tu, na ukipima kila kitu kwa yadi utapata yadi 1 kwa yadi 1,000. Ugumu humpata anayechanganya yadi za umbali na inchi za shabaha, kwa sababu mili 1 kwa yadi 100 ni inchi 3.6. Ndiyo maana mwindaji wa Montana aliyekulia kwenye inchi hafanyi kosa akichukua ya MOA.

Je, ya MOA si laini zaidi?

Ni kweli, na wauzaji huipigia debe hoja hii. Robo ya dakika ni ndogo kuliko sehemu ya kumi ya mili: milimita 7.27 dhidi ya milimita 10 kwa mita 100. Lakini angalia maana yake halisi. Kosa kubwa kabisa linaloweza kubaki baada ya kurekebisha ni nusu ya kliki, yaani milimita 3.6 dhidi ya 5. Risasi ya .308 ina kipenyo cha milimita 7.8. Bunduki nzuri inayoweka kundi ndani ya dakika moja inatawanya risasi katika eneo la karibu sentimita 3. Tofauti ya milimita 1.4 imemezwa humo na haitaonekana kamwe. Anayeshindana kupitisha risasi zote katika tundu moja, bunduki ikiwa juu ya meza, ana haki ya kutafuta darubini yenye kliki za moja ya nane ya dakika, ambazo zipo na zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Mwindaji na mlenga shabaha za chuma hawana haja nazo. Kliki nyingi mno ni fursa zaidi ya kukosea kuhesabu.

Kuna jambo la manufaa zaidi ambalo maduka hayalitaji. Kizungushio cha MOA cha darubini hii hukupa MOA 25 kwa mzunguko mmoja. Cha MRAD hukupa mili 10. Fanya hesabu: zote mbili ni kliki 100 kwa mzunguko. Nafasi kati ya kliki na kliki kidoleni ni ileile, ila mzunguko mmoja wa MRAD unafika MOA 34.4. Kwa msokoto uleule wa kiganja umepanda zaidi kwa zaidi ya theluthi moja.

Mfano: .308 Winchester yenye risasi ya uzito wa greni 175 inayotoka kwa kasi ya futi 2,600 kwa sekunde, mita 792 hivi, ikiwa imewekwa sifuri mita 100 (yaani imerekebishwa ipige palepale inapolengwa kwa umbali huo), huhitaji karibu mili 3.9 kwa mita 500 na karibu mili 13 kwa mita 1,000, hewa ikiwa ya usawa wa bahari. Kwa MOA hizo ni karibu 13.5 na 44.75. Sasa soma kizungushio. Mwenye MRAD akiwa kwenye mzunguko wa pili anaona 3. Anaongeza kumi, anapata 13, bila kufikiri. Mwenye MOA akiwa kwenye mzunguko wa pili anatafuta 19.75, kwa sababu lazima atoe 25 kwanza. Ni hesabu nyepesi ukiwa umekaa kitini. Ukiwa umelala kifudifudi juani, jasho likiingia jichoni, hapo ndipo mtu hupiga kwa mzunguko mzima wa makosa, na kwa mita 1,000 mzunguko mmoja wa MOA 25 ni zaidi ya mita 7. Kijiti cha nyuzi-mwanga kilichowekwa kuonyesha mzunguko husaidia sana, na tunaupongeza uamuzi wa kukiweka. Kiangalie kila mara kabla ya kugusa kifyatulio.

Mchoro na kizungushio viongee lugha moja

Sifa kubwa ya Viper hii, tunaithamini kuliko hata uwazi wa lenzi, ni kwamba retiko yake ya EBR-7C huja kwa kipimo kilekile cha vizungushio. Darubini ya MRAD ina mistari ya mili. Ya MOA ina mistari ya dakika. Ukiona risasi imetua mili 0.6 chini ya kitovu kwenye mchoro, unazungusha kliki 6 kwenda juu. Huhitaji kujua umbali, huhitaji sentimita, huhitaji kikokotoo. Unapima kwa rula iliyo jichoni na unarekebisha kwa rula hiyohiyo iliyo mkononi.

Haikuwa hivi zamani. Mwaka 1988 jeshi la Marekani lilipoanza kutumia bunduki ya M24, iliwekewa darubini ya Leupold Ultra M3A yenye nguvu ya kukuza mara 10, mchoro wake ukiwa wa nukta za mili na vizungushio vyake vikiwa vya dakika: kliki ya dakika nzima kwa juu na chini, nusu dakika kwa upepo. Mtumiaji aliona kosa kwa mili, akazidisha kwa 3.438 ili apate dakika, kisha akazungusha. Walifunzwa wakaweza. Lakini darubini nyingi za mtumba bado ziko hivyo, mchoro wa mili na vizungushio vya robo ya dakika, na mnunuzi asiyejua hushangaa kuona kila marekebisho yanapitiliza au hayafiki. Kabla ya kununua chochote kilichotumika, soma maandishi juu ya kizungushio kwanza, ndipo uulize kuhusu mchoro.

Retiko ya modeli hii iko kwenye fokasi ya mbele, kwa hiyo hukua na kupungua pamoja na picha. Faida yake ni kwamba mili 1 ya mchoro ni mili 1 ukiwa kwenye nguvu ya 5, ya 12 au ya 25. Hasara yake ipo pia: kwenye nguvu ya 5 mistari huwa myembamba sana, na alfajiri chini ya miti hutaiona vizuri bila kuwasha taa ya ndani. Darubini zenye retiko kwenye fokasi ya nyuma huonyesha mistari yenye unene uleule siku zote, lakini vipimo vyake huwa sahihi kwenye nguvu moja tu, kwa kawaida ile ya juu kabisa. Ukipunguza nguvu nusu, kila nafasi kati ya mistari inasimamia pembe maradufu. Kliki hazibadiliki, hizo ni zilezile kwenye nguvu yoyote. Mkanganyiko wa mambo haya mawili ndio unaozaa malalamiko mengi ya “darubini haishiki”.

Mitego miwili ya maneno ni lazima tuitaje. Baadhi ya watengenezaji na programu za simu huita “MOA” kipimo ambacho kwa kweli ni inchi 1 kamili kwa yadi 100. Tofauti yake na dakika halisi ni asilimia 4.7. Kwa yadi 200 huioni. Kwa yadi 1,000, ukihitaji 30, utakosa kwa inchi 14, sentimita 36 hivi. Kwenye programu yako ya kukokotoa njia ya risasi, hakikisha umechagua MOA halisi, na umbali uwe mita kama uwanja wako ni wa mita. Mtego wa pili ni neno mili lenyewe. Duara kamili lina miliradiani 6,283. Mizinga ya nchi za NATO hugawa duara sehemu 6,400, na mfumo wa Kisovyeti hugawa 6,000. Dira au jedwali la kijeshi la zamani likikutana na darubini yako ya MRAD, usiyachanganye bila kubadilisha kwanza.

Kuifunga na kuiweka sifuri

Makosa mengi yanayolaumiwa kwenye kliki yameanzia kwenye pete zinazoishika darubini juu ya bunduki. Vortex hushauri skrubu za pete zikazwe kwa inchi-pauni 15 hadi 18, sawa na nyutoni-mita 1.7 hadi 2. Tafuta spana ya torki. Mkono wa fundi, hata awe hodari vipi, hauwezi kuhisi tofauti ya 18 na 30. Ukikaza mno unaliminya bomba, na bomba dogo la ndani linaanza kukwama: unazungusha kliki tano, hakuna kinachotokea, unapiga risasi mbili, teke la bunduki linaliachilia, na risasi ya tatu inaruka. Ukilegeza mno, darubini nzima inateleza mbele kidogo kidogo. Usipake gundi ya nyuzi kwenye skrubu za pete, kwa sababu inateleza kabla haijakauka na kukufanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

Kabla ya kukaza kabisa, simamisha retiko wima. Ning’iniza timazi mita 20 au 30 mbele, weka bunduki sawa kwa pima maji, kisha zungusha bomba la darubini ndani ya pete hadi mstari wa wima ulale juu ya uzi wa timazi. Hatua hii wengi huiruka, na gharama yake inakokotoleka. Bunduki ikiinama upande kwa nyuzi 3 na wewe umepandisha mili 4, karibu mili 0.21 ya upandishaji huo huenda pembeni. Kwa mita 500 hizo ni sentimita 10. Utadhani ni upepo.

Anza kulenga mita 25, upate karatasi, kwa sababu huko kliki moja ya MRAD ni milimita 2.5 tu na utahitaji nyingi. Kisha nenda mita 100. Piga risasi tatu au tano juu ya mifuko ya mchanga, tafuta kitovu cha kundi lote, ndipo urekebishe. Anayerekebisha baada ya kila risasi moja anafukuza kivuli. Mshale wenye neno la juu kwenye kizungushio huonyesha risasi itakakokwenda. Retiko yenyewe ndani ya darubini inaelekea upande wa pili, na anayechungulia huku akizungusha huchanganyikiwa. Darubini nyingi za soko la Marekani hupanda ukizungusha kinyume cha saa, lakini ziko za Ulaya zinazopanda kwa mwelekeo wa saa. Soma mshale, usitegemee mazoea.

Risasi zikishatua kitovuni, legeza skrubu ndogo za kofia ya kizungushio, inua kofia bila kugeuza kilicho chini yake, ilinganishe na sifuri, kisha kaza tena kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule. Kizuizi cha sifuri cha Viper hii, ambacho Vortex wanakiita RZR, huwekwa wakati huohuo kwa kufuata kijitabu kilichomo kwenye boksi. Kazi yake ni kwamba hata gizani ukirudisha kizungushio hadi kigome, uko sifuri yako. Kikague: panda mizunguko miwili, rudi hadi mwisho, soma namba. Ikisoma kitu kingine, rudia kabla hujaondoka uwanjani.

Pima kliki zako

Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ahadi ya kiwanda. Jaribio linalopendwa na wengi ni la kisanduku: unapiga, unakwenda kliki 30 juu, 30 kulia, 30 chini, 30 kushoto, na unatazamia kurudi pale pale. Ni jaribio zuri kwa kuona kama darubini inarudi, lakini halikuambii kama kliki ina ukubwa sahihi. Darubini inayozidisha kila kliki kwa asilimia 4 itachora kisanduku kizuri tu, kikubwa kidogo, na wewe utafurahi.

Tunapendekeza shabaha ndefu. Chukua ubao wa mita 1 na nusu, chora mstari wima kwa timazi, weka alama chini na nyingine sentimita 100 kamili juu yake. Simamisha ubao mita 100 kutoka kwenye kitovu cha darubini, ukipima kwa futi kamba ya fundi. Hatua za miguu hazitoshi, na yadi 100 ni mita 91.44 tu, ukizichanganya umeshapata kosa la karibu asilimia 9 kabla hujapiga. Funga bunduki isitikisike, lenga alama ya juu, pandisha mili 10 huku ukitazama mchoro ukishuka hadi alama ya chini, au piga risasi tatu kwa sifuri na tatu kwa mili 10, zote ukilenga alama ya chini. Umbali kati ya makundi mawili uwe sentimita 100. Mwenye MOA apandishe 30 na atazamie sentimita 87.3. Ukipata 98 badala ya 100, darubini haifai kutupwa: gawa 100 kwa 98, upate 1.02, na uzidishe kila upandishaji wako kwa hiyo, au uiweke namba hiyo kwenye programu. Kinachostahili kurudishwa kiwandani ni darubini inayotoa jibu tofauti kila unaporudia. Dhamana ya Vortex haina kikomo cha muda na haidai risiti, jambo lenye uzito kwa anayenunua mkono wa pili.

Paralaksi, yaani retiko kuonekana kuhama juu ya shabaha jicho likihama, nayo huharibu majaribio haya. Kizungushio cha kushoto huanza yadi 25 hadi mbali kabisa, na namba zake ni za kukadiria tu. Kigeuze hadi utikise kichwa bila retiko kuhama juu ya shabaha. Usipofanya hivyo, mahali unapoweka shavu panaweza kuhamisha risasi kwa zaidi ya kliki nzima, na utakuwa ukipima shavu lako.

Safari inaishia wapi

Viper hii ina jumla ya mili 20, au MOA 70, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Usidhani zote ni zako. Kwenye reli bapa, yaani kipande kinachobeba pete juu ya bunduki kikiwa hakijainamishwa, sifuri ya mita 100 hukaa karibu na katikati, kwa hiyo umebakiwa na mili 10 za kupanda. Ile .308 yetu inayohitaji 13 kwa mita 1,000 haifiki. Suluhisho ni reli iliyoinamishwa MOA 20, ambazo ni mili 5.8: sasa una karibu 15.8 za kupanda, na chini bado kunabaki nafasi ya kutosha kwa sifuri ya mita 100. Kwa anayeishia mita 500, reli bapa inatosha kabisa.

Kuna jambo lingine kuhusu nafasi hiyo. Bomba dogo linatembea ndani ya bomba la duara, kwa hiyo likifika juu kabisa halina tena pa kwenda kushoto wala kulia. Kama reli yako imepinda pembeni na umetumia mili 4 za upepo kupata sifuri tu, utakuta kizungushio cha juu kinagoma mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kabla ya kuilaumu darubini, rekebisha reli au pete. Na ukiwa kwenye kliki chache za mwisho, usiziamini. Springi huko imefika mwisho wa nguvu zake.

Mwinuko wa mahali haubadilishi kliki hata moja, ila hubadilisha idadi unayohitaji. Jedwali la risasi lililotengenezwa pwani litakupeleka juu ya shabaha ukiwa Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, kwa sababu hewa nyepesi inaipunguzia risasi mwendo taratibu zaidi. Kwa mita 300 puuza. Kwa mita 800 kokotoa upya.

Nani asiinunue? Mwindaji anayepiga ndani ya mita 200, anayetembea siku nzima na bunduki begani, atabeba gramu 885 za bure. Crossfire II 3-9x40 ya kampuni hiyohiyo ina uzito wa chini ya nusu ya huo, huuzwa chini ya dola 200 Marekani, ina vizungushio vilivyofunikwa kwa kofia na kliki za robo ya dakika, kliki 60 kwa mzunguko. Mwekee sifuri mara moja, afunge kofia, asizungushe tena. Kwa matumizi hayo hata mtu wa mita hana sababu ya kuililia MRAD, maana hesabu ya kugawa kwa 7.27 ataifanya asubuhi moja tu.

Kwa ndugu walioko Marekani wanaofikiria kumtumia mtu wa nyumbani: darubini za bunduki zimo kwenye orodha ya bidhaa ambazo serikali ya Marekani inasimamia usafirishaji wake kwenda nje, hata zikiwa zimenunuliwa kihalali dukani, na kuiweka kwenye sanduku la nguo hakuifanyi iwe ruhusa. Uliza kuhusu kibali cha kuisafirisha kabla ya kulipa. Anayepokea naye awe na leseni ya bunduki, aulize masharti ya kuingiza huko aliko. Na unapoagiza, mwandikie muuzaji neno MRAD waziwazi kwenye oda, kisha boksi likifika soma kizungushio kabla ya kuvunja utepe wa vifaa: kwenye duara la namba iwe 0 hadi 9, siyo 0 hadi 24.